Mgeni wa Siku ya Pili

Zamani, tena si zamani sana, majuzi tu hapa, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimeombwa nisilitaje. Walioniomba walikuwa wawili, wakasimama mlangoni kwangu wakaniomba kwa adabu kubwa. Basi silitaji. Nitasema tu kwamba ilikuwa nchi karimu kuliko zote chini ya jua, na kwamba Asmini binti Makame na mumewe Mfaume waliingia humo mchana mmoja wa jua kali wakitoka nchi ya jirani, ambako mwaka wa kwanza mvua ilikatika na mwaka wa pili ikakatika serikali.

Walikuja na mabunda mawili, sufuria moja na jembe. Mfaume alikuwa mtu wa jembe tangu alipopata akili. Mpini aliuchonga mwenyewe, na viganja vyake vilikuwa na sugu ngumu kama nyayo.

Mpakani wakakuta kwaya. Wakakuta maji baridi, vitambaa vya kujifutia jasho, na safu ya wanawake thelathini waliovaa kanga za rangi moja wakipiga vigelegele. Asmini aligeuka nyuma kutazama ni nani mkubwa anayekuja. Hakukuwa na mtu, ila punda.

Askari wa mpaka alilipokea jembe kwa mikono miwili, akalipigia saluti, akalifunga utepe, kisha akalirusha nyuma ya ofisi. Huko nyuma palikuwa na lundo la majembe lililopita paa.

"Huku hamtalihitaji," akasema huku akitabasamu. "Mgeni hashiki jembe."

"Mke wangu, tumefika peponi," akasema Mfaume.

"Pepo gani haina shamba?" akasema Asmini, lakini naye alikuwa anacheka.

Katika ile safu ya wanawake kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mwembamba, jina lake Bi Kidawa. Yeye badala ya kupiga kigelegele alikishika kiganja cha Mfaume, akakipapasa kwa kidole gumba, akauliza kwa sauti ya chini, "Mmekuja na jembe?"

"Tulikuwa nalo, mama. Wamelichukua."

Uso wa yule mama ukanywea. Wenzake wakaangua kicheko, "Bi Kidawa naye kwa utani!" wakamvuta nyuma kwa kanga yake, na kwaya ikapandisha sauti.

*

Wahenga wa nchi ile, kama wahenga wa kwetu, walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bunge lao lilikaa wiki mbili likiyajadili maneno hayo na kuona yanaliaibisha taifa. Mgeni apewe jembe? Watatuonaje majirani? Mbunge mmoja alilia hadi kikao kikaahirishwa. Mwishowe wakapata dawa iliyokuwa rahisi ajabu: wakaifuta siku ya tatu. Hawakuifuta kwa kila mtu, la hasha, wenyeji wana mambo yao ya kufanya. Waliifuta kwa wageni tu.

Ndiyo maana kila asubuhi Bwana Ngwali, Afisa Mpokezi wa Kata, mtu mnene mwenye sauti ya asali, alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake akigonga muhuri kwenye kadi za wageni. Muhuri ulikuwa na maneno matatu: SIKU YA PILI. Aliugonga Jumatatu, akaugonga Jumanne. Aliugonga miaka sita.

Miaka sita hiyo Asmini na Mfaume hawakununua hata chumvi. Bi Kidawa, ambaye nyumba yake ilipakana na yao, alileta uji asubuhi, wali mchana, na jioni chochote kilichopikwa kwake, tena alileta kwanza kabla yeye hajala. Nyumba walipewa ya bure, ina viti sita vya wageni na haina hata kimoja cha mwenyeji. Waliposimama, watu waliwakalisha. Walipokaa, watu waliwaongezea mto.

"Vipi, safari ilikuwaje?" waliulizwa kila siku njiani.

"Safari gani, bwana?" Mfaume alijibu siku moja, uvumilivu umemwisha. "Mimi nimefika huu mwaka wa nne!"

"Ala! Basi mmetoka mbali sana," akasema yule mtu kwa huruma. "Pumzikeni."

Mara moja tu Mfaume aling'oa magugu mlangoni pake. Magugu matatu. Walikuja watu wa kata nzima kumwomba radhi, Bwana Ngwali mbele, na mwanamke mmoja akazimia. Magugu yakapandwa upya kwa heshima. Toka hapo Mfaume alikaa barazani mikono mapajani, akivitazama viganja vyake. Sugu zilianza kumenyuka, kisha zikaisha, na viganja vikawa laini kama vya mtoto. Alivificha kwapani asivione.

Asmini alimwona anapungua, na hakuwa na la kufanya, kwa maana hata kumpikia mumewe uji aliopenda yeye ilikuwa kosa.

*

Sasa, katika nchi ile mgeni hafi. Msinikatize, nasema nilivyoambiwa. Ilikuwa kanuni ya tisa kati ya Kanuni Kumi na Mbili za Ukarimu, zile ambazo kila mwenyeji alizijua kwa moyo na kuzikariri kabla ya kutoka nyumbani kwa mgeni. Kila mwaka Waziri wa Ukarimu, Mapokezi na Tabasamu aliliambia taifa redioni:

"Ndugu wananchi! Kwa mwaka wa arobaini na moja mfululizo, hakuna mgeni hata mmoja aliyefariki katika ardhi yetu tukufu! Nchi nyingine, na sitazitaja, wageni wanajifia ovyo ovyo, wanaachwa wanazikwa kama watu wa kawaida. Sisi hatuna makaburi ya wageni. Onyesheni moja! Hakuna!"

Makofi yalipigwa dakika tisa.

Mgeni aliyenyamaza, hivyo ndivyo walivyosema, alichukuliwa na Gari la Mapumziko akapelekwa Jumba la Mapumziko, juu ya kilima. Aliponyamaza Mzee Chande, mgeni mwenzao wa nyumba ya tano, Mfaume alivaa kanzu akaenda kumwangalia. Alirudi saa saba mchana. Wali wa Bi Kidawa hakuugusa.

"Vipi?" akauliza Asmini.

"Wanakalishwa," akasema Mfaume.

"Nani?"

"Wote. Ukumbi mzima, Asmini, viti safu kwa safu, kama watu wanaosubiri harusi. Kila mmoja na kikombe chake mbele. Chai inamiminwa inatoka moshi, inapoa, inamwagwa, inamiminwa nyingine. Udi unafukizwa mpaka macho yanauma. Chande amefungwa mtandio kidevuni mdomo usifunguke. Kijana wa kazi anainama anamwambia, karibu mzee, karibu chai. Na wengine pale... wengine pale ni wa zamani sana. Kofia imebaki, kanzu imebaki."

Asmini aliusogeza ule wali mbali nao.

"Niahidi," akasema Mfaume. "Wasinikalishe. Unilaze, na udongo juu. Mimi ni mkulima, nimeutendea udongo wema maisha yangu yote, hauwezi kunikataa."

"Nakuahidi."

"Sema kwa Mungu."

"Wallahi, Mfaume. Hutakalishwa."

Ijumaa hiyo redio ilisoma salamu za waliopumzika, kama ilivyosoma kila Ijumaa. "Mzee Chande anawasalimu nyote," akasema mtangazaji kwa furaha. "Anasema chai ni tamu."

*

Mfaume alinyamaza asubuhi ya Jumatano, barazani, baada tu ya kusema kwamba leo kutanyesha. Asmini alimshika bega, akamwita, akamwita tena. Kisha akapiga yowe ambalo katika nchi yoyote nyingine lingejaza uwanja wake watu.

Akaja Bi Kidawa peke yake, na uji.

"Karibu, Bwana Mfaume," akasema, akaweka bakuli mbele ya maiti. Uji ukamwagika mkekani. "Karibu uji. Safari... safari ilikuwaje?"

"Dada," akasema Asmini, "mume wangu amekufa."

"Kachoka na safari."

"Amekufa, Kidawa! Mguse!"

Bi Kidawa hakumgusa, maana nyuma yake kengele ya baiskeli ilikuwa imelia. Bwana Ngwali aliingia, akavua kofia, akamsalimu Mfaume kwa heshima zote, akangoja jibu kiasi cha adabu, kisha akaitoa kadi mfukoni mwa marehemu akaigonga. SIKU YA PILI.

"Mgeni wetu amenyamaza," akasema. "Amestahili. Gari litakuja alasiri. Mwandalie nguo nzuri, mama, na mtandio wa kidevuni, wengine huwa wanasahau."

"Naomba nimzike."

Bwana Ngwali akamtazama kwa upole kabisa, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisema mwezi ni chapati. "Mama yangu. Kumzika mtu aliye katika siku yake ya pili? Tutaonekana watu wa aina gani?" Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Asmini akakaa chini. Hakuwa na kitu cha kuchimbia, mwiko hana, kisu hana, hata kijiko ni cha watu. Ardhi ilikuwa imekauka ngumu, na alasiri ilikuwa mbali kwa saa sita tu.

Bi Kidawa alikuwa bado amesimama. Kanuni ilimtaka akariri kabla ya kutoka, naye akaanza kukariri, macho ukutani. "Kwanza, mgeni ni baraka. Pili, mgeni hapiki. Tatu, mgeni hanyimwi." Akafika ya saba, mgeni hashiki jembe, akasita. Badala ya kwenda ya nane, akarudi nyuma. "Tatu, mgeni hanyimwi," akasema. "Tatu. Mgeni hanyimwi. Kitu chochote akiomba kwa mdomo wake, ofisini, mbele ya afisa."

Akachukua bakuli lake akatoka, machozi yakimshuka na uso umenyooka.

*

Ofisi ya Mapokezi ya Kata ilikuwa na kabati la kioo ukutani, na ndani yake jembe. Chini yake paliandikwa: JEMBE LA MWISHO LA SIKU YA TATU. LISISAHAULIKE. LISIGUSWE. Asmini alilipita mara nyingi miaka ile bila kulitazama.

"Naomba lile jembe," akasema.

Bwana Ngwali alikuwa anakunywa maji, yakampalia. Alikohoa, akajifuta, akafungua kitabu cha Kanuni, akakifunga.

"Mgeni hashiki jembe," akasema.

"Mgeni hanyimwi."

"Ya saba, mama!"

"Ya tatu, bwana. Tatu haitangulii saba siku hizi?"

Bwana Ngwali alipiga simu wilayani. Wilaya ikapiga mkoani. Mkoa ukauliza mgeni ni wa siku ya ngapi, ukajibiwa ya pili, ukasema basi hakuna tatizo, mgeni wa siku ya pili haombi jembe, na ukakata. Afisa wa watu akabaki na mkono wa simu sikioni, jasho linamdondoka kwenye muhuri.

"Mama Asmini," akasema taratibu, na ile asali yote ikawa imetoka kwenye sauti yake, "mimi shingo inaniuma. Daktari ameniagiza nitazame dari kila siku muda kidogo."

Akainua uso akatazama dari.

Asmini alilivuta lile kabati akitegemea kufuli. Hapakuwa na kufuli. Bawaba zilikuwa zimepakwa mafuta, zikafunguka bila mlio. Akalishika jembe, na hapo ndipo kitu kilipomgutusha: mpini ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Halikuwa jembe la kutundikwa hili. Lilikuwa limefanya kazi nyingi, tena za karibuni, na kwenye shingo yake palibaki udongo mwekundu mkavu, kana kwamba mtu aliliosha kwa haraka.

Alipofika mlangoni akasikia sauti ya Bwana Ngwali nyuma yake, uso wake bado uko juu darini.

"Likirudi, liwe limeoshwa vizuri."

*

Mwanamke hachimbi kaburi, kila mtu anajua, na kwao Asmini wangemzuia hata wajomba zake waliokufa. Lakini siku ile alichimba, saa sita mchana, jua juu ya utosi, kando ya nyumba. Pigo la kwanza jembe liliruka kama limegonga chuma. La kumi likaingia.

Wenyeji walijaa uani. Hakuna aliyeweza kumnyang'anya, kwani mkononi mwa mgeni hakipokewi kitu ila mzigo wa safari. Hakuna aliyeweza kumsaidia, kwani kwa mujibu wa kanuni hapakuwa na lolote lililokuwa likitendeka. Basi walisimama wakafanya walichojua.

"Karibu, mgeni!" walimwambia. "Pumzika, mgeni! Safari ilikuwaje?"

Aliwasikia kila alipoinua jembe. Walisema kwa pamoja, kwa sauti ya chini, na baada ya saa mbili Asmini aligundua kwamba wanalia. Watu wazima, wanaume na ndevu zao, karibu mgeni, karibu, na makamasi yanawatoka. Malengelenge yalimvimba viganjani yakapasuka. Alimwosha mumewe kwa maji ya mtungi wa wageni, akamfunga kwa shuka lake mwenyewe jeupe, akamburura, Mungu amsamehe, kwa maana peke yake hakuweza kumbeba. Sala akaisali peke yake. Lakini alipomaliza na kutoa salamu, alisikia nyuma yake mnong'ono wa watu wengi wakiitoa pamoja naye. Alipogeuka, wote walikuwa wanatazama mawingu.

Gari la Mapumziko lilifika alasiri, likakuta udongo umesawazishwa. Dereva akauliza, "Mgeni yuko wapi?"

"Amelala," akasema Asmini.

Dereva akaandika. Mvua ikaanza kunyesha, kama Mfaume alivyosema.

*

Asubuhi ya pili baiskeli ilikuja, na Bwana Ngwali alikuwa na muhuri mwingine, mpya, wino haujawahi kuuchafua sana. SIKU YA TATU. Aliugonga kwenye kadi ya Asmini bila kumtazama.

"Hongera," akasema. "Umeshika jembe, sasa wewe ni mwenyeji. Weka kidole hapa."

Hati ilisema kwamba yeye, mwenyeji Asmini, anathibitisha kuwa hakuna mgeni aliyefariki nyumbani kwake. Kwamba mgeni Mfaume anaendelea kupumzika. Kwamba kando ya nyumba ipo bustani moja ya maua, urefu wa mtu mmoja, na itamwagiliwa.

"Nikikataa?"

"Bustani ambayo haijaandikishwa inachimbuliwa, mama. Kilichomo kinapelekwa kilimani, kinakalishwa."

Asmini akaweka kidole. Siku hiyo uji haukuja. Bi Kidawa alimpita njiani na ndoo yake bila salamu, kwa sababu katika nchi ile wenyeji hawana nafasi ya kukaribishana. Alikwenda akamwagilia maua yake, na Asmini, ambaye kwa miaka sita aliyaona yale maua kila siku, leo aliyapima kwa macho. Urefu wa mtu mmoja. Pembeni yake palikuwa na mengine, ya urefu mfupi, wa mtoto.

Akatoka akatembea mtaa mzima mkono mdomoni. Nyumba ya pili, bustani. Nyumba ya sita, bustani mbili. Nyumba ya Bwana Ngwali mwenyewe, nyuma kabisa kwenye kona, bustani ndogo ya maua mekundu na kiti cha kukalia kando yake. Alitafuta nyumba ya mwenyeji isiyo na maua mpaka jua likamchoma, asiione. Alirudi nyumbani amechoka, akamwambia Mfaume yote aliyoyaona huku akimmwagia maji, taratibu, asionekane anaongea.

Ijumaa aliwasha redio. "Bwana Mfaume anawasalimu nyote," akasema mtangazaji kwa furaha. "Anasema chai ni tamu."

Mfaume hakuwa mtu wa chai. Asmini alitaka kumwambia mtu jambo hilo, hilo tu, na hakupata wa kumwambia.

*

Mwezi uliofuata alipewa kanga ya rangi moja, akapangwa mpakani, kushoto kwa Bi Kidawa. Hawakusemeshana, ila mabega yaligusana, na hakuna aliyeliondoa lake.

Mchana wakaja watu wawili kutoka nchi jirani nyingine, kijana na mkewe, vumbi mpaka kope, wanakodoa macho kwa kwaya na maji baridi. Jembe lao likapokewa kwa mikono miwili, likapigiwa saluti, likafungwa utepe. Likasikika likigonga wenzake nyuma ya ofisi.

"Jamani," yule mwanamke akasema kwa kicheko cha mtu aliyekwisha kata tamaa ya kucheka, "haya yote ni yetu sisi?"

Alipofika kwa Asmini akanyoosha mkono. Asmini aliushika. Ulikuwa mkono wa kulima, sugu zimejipanga chini ya vidole, ngumu, nzima. Akazipapasa kwa kidole gumba, akajikuta anauliza kwa sauti ya chini:

"Mmekuja na jembe?"

"Tulikuwa nalo, mama. Wamesema huku hatutalihitaji."

Wanawake wote wakaangua kicheko, "Asmini naye kwa utani!" na mikono ikamvuta nyuma kwa kanga yake. Alikuwa na neno jingine, fupi tu, usiziache zilainike, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kwaya ilikwisha anza, Bwana Ngwali alikuwa anatazama, na nyumbani kulikuwa na bustani iliyoandikishwa.

Akafungua mdomo, akapiga kigelegele.